Aliyeondoka Kazini, Jina Lake Bado Limo

Hotuba kwa wasimamizi wa mifumo na maafisa rasilimali watu

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wakurugenzi mliopata nafasi ya kuja, maafisa rasilimali watu, ndugu zangu wa TEHAMA, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza nina ombi. Mwenye barua pepe ya kazini kwenye simu yake aifungue, aanze barua mpya, na pale pa mpokeaji aandike herufi mbili za jina lolote. Msitume kitu. Tazameni tu majina yanayojileta.

Naam, vicheko nimevisikia. Kuna aliyemwona mhasibu aliyestaafu. Kuna aliyemwona kijana wa mafunzo kwa vitendo ambaye hata sura yake haikumbuki. Na huenda kuna aliyenyamaza, kwa kuwa jina lililojitokeza ni la mtu ambaye hatuko naye tena duniani. Huko nitafika.

Ndugu zangu, majina hayo hayakubaki kwa sababu kuyatoa ni kazi ngumu. Kulitoa jina kwenye saraka ya anwani, kwa mifumo mingi, ni kuweka alama kwenye kisanduku kimoja. Anayejua pa kubofya hamalizi dakika. Yamebaki kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuwa kuyatoa ni kazi yake, na yasipotoka hakuna anayeulizwa.

Tazameni orodha ya mishahara. Mtu akiacha kazi katikati ya mwezi, mhasibu anajua kabla mwezi haujaisha, maana pesa ikienda kwa asiyekuwepo kuna mwingine ataitwa kueleza. Wafanyakazi hewa kwenye mishahara wamefanyiwa uhakiki, wametafutwa kwa alama za vidole na kwa vitambulisho. Kwenye barua pepe wafanyakazi hewa wamejaa tele, wana picha, wana vyeo, wengine bado wanaonekana kuwa wakuu wa idara, na mkaguzi anapita pembeni yao bila kuwaulizia.

Sasa, kwa kuwa nusu ya ukumbi huu si watu wa kompyuta, niruhusuni nitenganishe mambo tunayoyachanganya kila siku. Bosi akiuliza, “Fulani mmeshamfuta?”, kwa mpigo mmoja ameuliza maswali manne, na anayejibu “ndiyo” kwa kawaida amejibu moja tu. Kuna akaunti, yaani ruhusa ya kuingia kwa jina na nywila. Kuna sanduku, zilimo barua zenyewe. Kuna jina lake kwenye saraka, lile ambalo kila mfanyakazi analiona anapotafuta mtu. Halafu kuna kumbukumbu za watu wengine: kompyuta na simu za wenzake ambazo zimehifadhi anwani yake kwa sababu waliwahi kumwandikia. Unaweza kufunga akaunti na jina likabaki. Unaweza kuondoa jina na akaunti ikabaki wazi kabisa. Hili la pili ndilo baya zaidi, na ndilo linalotokea sana, kwa sababu jina likishatoweka machoni kila mtu huamini kazi imekwisha.

Wanaotumia Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, wanakijua kile kisanduku cha kuficha mtu kwenye orodha za anwani. Ukikiwekea alama, jina halionekani tena. Lakini sanduku liko palepale na anwani inapokea kama kawaida. Mteja aliyeihifadhi anwani hiyo miaka mitatu iliyopita anaandika, barua inafika, na hakuna anayeisoma. Hairudishwi kwake, hivyo anakaa akisubiri jibu na kuamini kwamba kampuni imempuuza. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Kwa maoni yangu, jina lililofichwa huku sanduku likiendelea kumeza barua lina madhara kuliko jina lililo wazi, maana lililo wazi angalau litamkera mtu mmoja hadi alalamike.

Kingine ambacho kuficha hakukigusi ni makundi. Aliyefichwa hakutolewa kwenye anwani ya kundi la mauzo, wala la menejimenti, wala lile la wafanyakazi wote. Kila tangazo la ndani linaendelea kumfikia. Na ikiwa wakati anaondoka aliomba, kwa nia njema tu, barua zake zipelekwe moja kwa moja kwenye anwani yake binafsi “kwa wiki mbili hivi”, na yule aliyeweka mpangilio huo naye akahama idara, basi siri za ofisi zinatoka nje kila asubuhi bila mwizi yeyote. Ndiyo maana nasema makundi na upelekaji wa barua viguswe kwanza, kabla ya jina.

Nigusie kwa haraka lile lalamiko la “mbona bado namwona?” Outlook, programu ya Microsoft ya kusomea barua pepe, huweka nakala ya orodha ya anwani kwenye kompyuta ya mtumiaji, na kwa kawaida huifanya upya mara moja kwa saa 24. Kwa hiyo jina lililotolewa leo asubuhi laweza kuonekana hadi kesho, na msimamizi wa mfumo hajadanganya. Tena kuna yale majina yanayoendelea kujijaza yenyewe ukianza kuandika, hata baada ya kutolewa kwenye saraka. Hayo hayatoki kwenye saraka hata kidogo. Ni kumbukumbu ya mtumiaji mwenyewe, na Outlook inaweza kutunza mpaka majina 1,000 ya namna hiyo. Anayelifuta ni yeye, kwa kubofya alama ya kufuta pembeni ya jina. Mwambieni hivyo kwa upole. Na kwenu mnaotunza Active Directory, yaani saraka ya Microsoft ya watumiaji, kwenye seva zenu wenyewe na kuioanisha na mtandao wa Microsoft: msihangaike kumficha mtu upande wa mtandaoni, mfumo utawakatalia. Alama inawekwa kwenye chanzo, yaani kwenye seva yenu, kisha mnangoja kuoanishwa, ambako kwa mpangilio wa kawaida hufanyika kila baada ya dakika 30.

Baada ya hapo huja kishawishi cha kufuta kila kitu siku hiyohiyo. Nakataa. Kwenye Microsoft 365, huduma ya ofisi ya mtandaoni ya Microsoft, mtumiaji aliyefutwa anaweza kurejeshwa ndani ya siku 30. Kwenye Google Workspace, ile ya Google, ni siku 20. Siku hizo hupita haraka kuliko mnavyodhani. Mkataba unaotafutwa na mwanasheria huwa unatafutwa siku ya 45. Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaitumii: sanduku la aliyeondoka linaweza kugeuzwa kuwa sanduku la pamoja, na Microsoft haidai leseni kwa sanduku la aina hiyo likiwa halizidi GB 50. Mkuu wa idara analisoma, kuingia kwa jina la mwenye sanduku kunafungwa, na jina linafichwa. Gharama ya leseni inaondoka bila barua kuondoka.

Kuna pia wale wanaofuta kwa pupa kisha mtu anarudishwa kazini, wanatengeneza akaunti mpya yenye anwani ileile, halafu wanashangaa barua za wenzake wa ndani zinagonga mwamba. Jina ni lilelile na anwani ni ileile, lakini Exchange huwatambua watu wa ndani kwa alama yake ya siri, si kwa anwani mnayoiona. Kompyuta za wenzake bado zimeshika alama ya zamani, na akaunti mpya ina nyingine. Dawa yake ipo, kuiongeza alama ya zamani kwenye akaunti mpya, ila angekuwa amefungiwa badala ya kufutwa tusingeihitaji.

Hapo nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ya upande wa kompyuta: anwani ya aliyeondoka msimpe mtu mwingine. Najua inavyokuwa. Anaajiriwa mtu mpya, jina la kwanza na la ukoo vinafanana na la yule aliyeondoka mwaka juzi, anwani ipo wazi, mnampa. Siku ya kwanza anapokea taarifa ya benki isiyo yake. Siku ya pili anapokea kiungo cha kubadilisha nywila ya huduma ambayo hakuwahi kujisajili.

Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba majina ya watumiaji yaliyokaa mwaka mzima bila kutumika yatagawiwa upya kwa wanaoyataka. Miezi michache baadaye waliopewa majina hayo walieleza hadharani kwamba wanapokea barua za wenyewe wa zamani, zikiwemo zenye taarifa za siri. Kutokana na suala hilo watu wa Yahoo na Facebook waliandika kanuni ya kiufundi, RFC 7293, iliyotoka mwaka 2014. Inamwezesha mtumaji kusema: barua hii ifikishwe tu kama anwani hii imekuwa ya mtu yuleyule tangu tarehe fulani. Kampuni kubwa za intaneti zililazimika kutunga kanuni nzima ili kuziba shimo ambalo ofisi yenye wafanyakazi 60 inalichimba kwa kuokoa herufi moja. Huyo mpya muwekeeni herufi ya jina la katikati. Hakuna atakayekufa.

Kuhusu usalama sitawatisha kwa visa kumi. Kimoja kinatosha, kwa kuwa kinahusu saraka yenyewe. Februari 2024, CISA, wakala wa usalama wa mitandao wa serikali ya Marekani, ulitoa tahadhari juu ya taasisi ya serikali ya jimbo ambayo haikutajwa jina. Mvamizi aliingia kwa akaunti ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Akaunti ilikuwa na mamlaka ya msimamizi wa mfumo, haikuondolewa mwenyewe alipoondoka, na nywila yake ilikuwa imeonekana kwenye data zilizovuja mtandaoni. Hapakuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kutokea hapo akapata akaunti ya msimamizi mwingine. Na mlivyo hapa, mtadhani alikimbilia fedha au faili za siri. Alifanya upekuzi wa saraka: watumiaji ni akina nani, kompyuta zipo zipi, mifumo ipi inaaminiana na ipi. Orodha hiyo ndiyo iliyokuja kuonekana ikitangazwa kwenye mtandao wa giza. Kwa hiyo msiiite orodha ya majina tu. Kwa anayetaka kuwadanganya wafanyakazi wenu, jina halisi, cheo halisi na picha halisi ya mtu aliyeondoka ni mali safi, maana mwenye jina hayupo kusema “si mimi niliyeandika”.

Nawageukia sasa maafisa rasilimali watu, kwa sababu msimamizi wa mfumo hana namna ya kujua kwamba mtu ameondoka isipokuwa ameambiwa. Anaambiwaje? Kwa kawaida kwa tetesi. Anasikia kuna sherehe ya kuagana ghorofa ya pili. Au anaona meza imehamwa. Ofisi zilizojitahidi zina fomu ya makabidhiano yenye sehemu ya TEHAMA, na fomu hiyo huja na sahihi zote isipokuwa tarehe ya mwisho ya kazi, ambayo ndiyo tu tuliyoihitaji.

Tarehe hiyo inatakiwa itoke kwenye kumbukumbu za ajira na kuingia kwenye akaunti bila kupitia mdomoni mwa mtu. Mifumo mingi ya akaunti ina nafasi ya tarehe ya kuisha. Mkataba wa mwaka mmoja uandikiwe siku unaposainiwa; ukiongezwa, na tarehe isogezwe. Kwa njia hiyo kusahau kunafunga mlango, na mwenye mkataba mpya atapiga simu ndani ya dakika tano. Mpangilio wa sasa unafanya kusahau kuuache wazi, na aliyeondoka hana sababu ya kupiga simu.

Mtaniambia: basi tuunganishe saraka na orodha ya mishahara, tumalize. Ni wazo zuri na ningelianza nalo kesho, lakini linawaacha wengi nje. Wakandarasi hawamo kwenye mishahara. Vijana wa mafunzo kwa vitendo hawamo. Washauri, wajumbe wa bodi, watu wa kampuni ya ulinzi waliopewa anwani ili wapokee ratiba, wote hawamo. Hao ndio wanaobaki kwenye saraka muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa hawakuingia kwa mlango wa rasilimali watu na hawatoki kwa mlango huo. Kila mmoja wao awe na mfanyakazi wa kudumu anayemdhamini kwa jina, na akaunti yake iishe kila baada ya miezi michache mpaka mdhamini aseme bado namhitaji. Mdhamini akiondoka, wadhaminiwa wake wote wapitiwe siku hiyo.

Na hapo hapo angalieni sehemu ya meneja kwenye saraka. Mkuu wa idara akiondoka na jina lake likabaki pale, maombi ya likizo ya watu kumi yanaendelea kwenda kwake kuidhinishwa. Watasubiri sana.

Suala la wakati lina utu ndani yake, na hapa watu wa kompyuta tunakosea kwa kuwa wepesi mno. Mtu anayeachishwa kazi huitwa kwenye kikao saa nne. Maelekezo yanakuja kwamba akaunti ifungwe saa nne hiyohiyo, na ni sahihi. Lakini jina msilitoe kwenye saraka asubuhi kabla hajaitwa. Mwenzake atakayemtafuta saa tatu na asimwone atajua kabla yake, na ofisi nzima itajua kabla yake. Fungeni akaunti wakati anaambiwa. Jina litoke jioni. Mstaafu ni tofauti. Yeye anaijua tarehe yake miezi kadhaa kabla, na anastahili muda wa kuwaaga wateja wake, kuwatambulisha kwa mrithi wake, na kuchukua picha za familia alizokuwa akizihifadhi humo kinyume cha sera. Sote tunafanya hivyo, tusijifanye.

Sasa niseme juu ya waliofariki, kama nilivyoahidi. Mwenzetu akifa, ofisi hujipanga vizuri kwa mazishi na michango, na hakuna anayekumbuka saraka, wala asilaumiwe. Miezi baadaye mfumo unatuma salamu za siku ya kuzaliwa ya marehemu kwa idara nzima. Au mtu anaitisha kikao, anachagua kundi, na jibu la moja kwa moja linarudi kutoka kwa marehemu: “Niko likizo, nitarejea Jumatatu.” Hili linaumiza watu, na halihitaji teknolojia kuliepusha, linahitaji mtu mmoja. Napendekeza mkuu wa idara, siyo TEHAMA, ndiye aseme lini jina litoke, baada ya kuzungumza na timu. Wapo watakaotaka litoke mara moja, na wapo watakaoomba libaki hadi arobaini iishe; wote wasikilizwe. Lakini jibu la moja kwa moja lizimwe siku ileile, picha itolewe kwenye salamu na matangazo, na familia ikiomba barua binafsi za marehemu, ombi hilo lipite kwa mwanasheria, siyo kwa fundi aliyeguswa na msiba akaamua kutoa nywila.

Kuhusu sheria, nchi zinatofautiana, lakini mwelekeo mmoja unaonekana. Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi na zisikae kuliko zinavyohitajika. Mwaka 2020 mamlaka ya Ubelgiji iliitoza kampuni ndogo faini ya euro 15,000 kwa sababu anwani za barua pepe za waliokwisha kuondoka, akiwemo aliyekuwa mkurugenzi wake, ziliachwa zikifanya kazi. Mamlaka hiyo ilieleza inachokiona kuwa sawa: mhusika afungiwe sanduku si zaidi ya siku yake ya mwisho, uwekwe ujumbe wa moja kwa moja kwa mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa hadi mitatu kutegemea wadhifa, kisha anwani ifutwe. Hata kama sheria hiyo haiwahusu, ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi. Mimi huandika hivi: “Uliyemwandikia hafanyi kazi nasi tena. Barua yako haitasomwa. Kwa masuala ya mikopo andika kwa mikopo@…” Sababu ya kuondoka isitajwe, iwe nzuri au mbaya. Na mtaona anwani niliyoitaja ni ya kazi, siyo ya mtu mwingine ambaye naye ataondoka. Ofisi iliyowazoesha wateja kuandika kwa idara haitikisiki sana jina moja likitoka.

Mnaotaka kuanza wiki ijayo, chukueni orodha ya ajira na orodha ya saraka, mzilinganishe. Walioondoka mtawajua. Wakandarasi mtawaulizia. Shida ni lile fungu la tatu, majina ambayo hakuna anayeyatambua, na humo msiwe wepesi. Akaunti ya aliyeondoka miaka minne iliyopita inaweza kuwa ndiyo ambayo skana ya masjala inaitumia kutuma nyaraka, kwa sababu fundi wa siku ile aliweka nywila iliyokuwa karibu. Ukiifuta, skana inakufa na hakuna anayejua kwa nini. Zimeni kuingia tu, acheni kila kitu kingine kilivyo, subirini mwezi mzima ili kazi za mwisho wa mwezi nazo zipite. Atakayepiga kelele ndiye mwenye akaunti, na hapo skana mnaipa akaunti yake yenyewe. Isipopigiwa kelele na yeyote, ifuteni.

Mwenyekiti, nashukuru. Maswali nayapokea, isipokuwa la nani atalipia leseni za wasiokuwepo. Hilo namwachia mhasibu.